Jumapili Mama Anapika Mara Mbili

Dunia ilikuwa imebakiza masaa matatu tu, kwa hiyo Radi hakuona sababu ya kuvua viatu mlangoni.

"Viatu," alisema mama yake, bila hata kugeuka kutoka kwenye kompyuta.

Radi, ambaye huruka kwa kasi kuliko ndege na aliwahi kusimamisha treni kwa bega, akarudi mlangoni akavua. Wenzake wawili nao wakavua. Nyundo, mwenye nguvu za watu mia, soksi yake ilikuwa na tundu. Puto, anayeweza kujijaza hewa mpaka awe mkubwa kama nyumba, akaliona lile tundu, akacheka mpaka akavimba kidogo.

Hiki kilikuwa chumba cha darubini, na mama alikuwa mpima nyota. Miaka thelathini na moja, vumbi halijawahi kukanyaga humo.

"Jiwe lina ukubwa wa mlima," mama akasema. "Linakuja moja kwa moja. Nyie peke yenu hamliwezi. Anatakiwa mtu wa kuliondolea uzito."

Mtu wa hivyo alikuwa mmoja tu duniani, na alikuwa adui yao.

"Bora dunia iishe," Radi akasema.

"Nimeshampigia. Yuko njiani."

Giza aliingia viatu mkononi, maana naye alilelewa na mama huyo huyo. Kila alichokishika kilipoteza uzito, na kwa kipaji hicho alishaiba daraja moja, mnara wa saa na sanamu ya meya. Miaka mitatu iliyopita dada yake, Radi, alimkamata mezani, kijiko kikiwa mdomoni, siku aliyokwenda kujitambulisha kwa wakwe. Uchumba ukafia palepale. Tangu siku ile hawakusemeshana tena. Kila Jumapili mama alipika mara mbili: saa saba kwa ajili ya Radi, saa kumi kwa ajili ya Giza.

"Mama, mwambie binti yako asogee, ananimalizia hewa."

"Mama, mwambie mwanao hewa siyo yake. Labda ameiba."

Nyundo alikuwa anachungulia sufuria kubwa pembeni ya kompyuta. "Maharage ya lini haya, mama?"

"Ya kesho. Nimeyaloweka asubuhi."

"Kwani kesho ipo?"

"Mkifanya kazi yenu, ipo. Na toa mkono kwenye darubini yangu, utaipasua."

"Wakubwa wako wanajua?" Puto akauliza.

"Wakijua wao, mji mzima utajua, watu wakanyagane bure. Tulimalize wenyewe." Akawapa redio ya mkononi. "Mtasukuma kuelekea kushoto. Taratibu. Na nyie wawili mshikane mikono muda wote."

"Mikono?" Radi na Giza wakasema kwa pamoja, kisha wakakasirika kwamba wamesema kwa pamoja.

"Hesabu ndiyo inasema hivyo."

"Hesabu gani hiyo, mama?" Nyundo akauliza.

"Wewe hesabu ulipata ngapi shuleni?"

Nyundo akarudi kuangalia soksi yake.

Huko juu, Radi alikowafikisha, jiwe lilikuwa jeusi na kimya. Puto akavimba, akajibandika juu yake kama bakuli lililopinduliwa, wenzake wakiwa ndani na hewa yao. Giza akaweka kiganja kimoja kwenye jiwe. Cha pili akakinyoosha pembeni, akitazama upande mwingine. Radi akakishika kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota panya aliyekufa.

"Mmeshikana?" redio ikauliza.

"Tumeshikana."

"Vizuri?"

Wakashikana vizuri. Nyundo akatanua miguu, wakaanza kusukuma. Jiwe halikutikisika.

"Siku ile ungenisubiri nimalize kula tu," Giza akalipuka. "Dakika kumi!"

"Uliiba sanamu ya meya ukawapelekea wakwe zawadi!"

"Walisema sebule yao iko tupu!"

Radi alijaribu kuvumilia. Akabana midomo, akakohoa, mwisho kicheko kikamtoka puani. Giza naye akaanza. Wakacheka huku wanasukuma, jasho linawatiririka.

"Acheni, mnanitekenya!" Puto akalia.

"Ningekusubiri," Radi akasema baadaye, taratibu. "Hata chai ningekuacha umalize. Nilikosea."

Giza aliubana mkono wa dada yake, kama zamani wakivuka barabara kwenda shule. Jiwe likasogea.

"Inatosha," redio ikasema, sauti ikikwaruza kidogo. "Rudini. Kesho saa saba. Wote."

Kesho ikawepo kweli. Mama alipika mara moja, sufuria moja, na Nyundo akaikwangua. Giza aliahidi kurudisha daraja. Kuhusu mnara wa saa akasema atafikiria. Radi aliosha vyombo, Giza akavifuta, wakapigiana kelele jikoni kuhusu nani amevunja kikombe, na mama akakaa sebuleni anawasikiliza kama anasikiliza muziki.

Jumatatu alifika kazini mapema. Akavua viatu, akaketi, akainua sufuria ya maharage aliyoisahau pale, maana jana alipika mengine katika ile ya nyumbani. Chini yake kulikuwa na fomu, imelowana duara la maji katikati, ile ya kupeleka makao makuu. Ilikuwa na mwandiko wake mwenyewe, na tarehe ya mwezi uliopita: *Jiwe litapita kilomita milioni mbili kutoka duniani. Hakuna hatari. Hakuna hatua inayohitajika.*

Akachukua kalamu. Baada ya "milioni mbili" akaongeza "na nne", maana watoto walikuwa wamesukuma kweli.