Kuti Lisilofunguliwa

Katika kijiji cha Waimeta, visiwani Maluku, wazee walikuwa wakifunga kuti changa ufukweni kuwa alama ya mwiko, na bahari haikuguswa hadi samaki waongezeke. Siku hizi kuti hufungwa na mashine irukayo, iliyopewa kazi ya wazee, wala haijapata kulifungua. Hata mashamba imeyafunga. Watu hula unga wa msaada.

Ona, binti wa Salomina, aliukataa unga ule, akazidi kukonda. Asubuhi moja mama yake aliokota changu aliyetupwa na mawimbi, akambanika.

Wempi, mume wa Salomina, mlinzi wa mwiko kama babu zake, akasimama mlangoni.

“Mama Ona, kuti limefungwa.”

“La babu yako lilikuwa likifunguliwa! Hili limefungwa na chuma. Chuma kinaijua njaa?”

“Mwiko hauulizwi umefungwa na nani.”

Akamchukua samaki kwa mikono miwili, kwa heshima, akaenda kumrudisha baharini, ingawa alikuwa ameiva upande mmoja.

Ona akajiinua kitandani kwa shida. “Mama, ile harufu nzuri ilikuwa ya nini?”

Salomina alinawa mikono kwa majivu, akaisugua hata ikamwuma, mtoto asije akaizoea harufu ile.