Beringi Mpya

Fundi aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye alteneta ya Landrova yangu, akabana sikio lake kwenye mpini.

"Ni hapa, mzee. Beringi imekwisha. Sikiliza mwenyewe."

Nilisikiliza. Ulikuwa mlio ule ule mwembamba niliopanda nao mlima kila jioni, nikirudi kutoka mashamba ya kahawa ya Oldeani.

Mke wangu akatokea mlangoni mwa nyumba yetu. Tangu apatwe na maradhi ya kusahau, huniita mgeni na kunipa kiti. Lakini aliposikia mlio alijifunga kanga vizuri, akatazama getini.

"Baba Angela huyo anakuja," alisema, akatabasamu kama zamani.

Fundi alizima injini, akatoa mkanda wa alteneta, akawasha tena ili ahakikishe. Injini ikanguruma bila mlio.

"Umeona? Nikifunga beringi mpya, mama hatajua hata ukiingia!" Akacheka.

Mke wangu aliendelea kutazama getini. Tabasamu lilififia polepole, kisha akanigeukia.

"Mgeni, hukukutana na mume wangu njiani?"

Beringi mpya nilikuwa nayo mkononi, bado imeviringishwa kwenye karatasi yake ya mafuta. Niliitia mfukoni.

"Rudisha mkanda," nilimwambia fundi.

"Mzee wangu, hii itakulaza njiani, huko huko Oldeani."

"Rudisha, kijana. Ukimaliza, washa."

Nilipangusa vumbi kwenye koti langu, nikatoka nje ya geti, nikasimama kusubiri mlio.