Sahani Hairudi Tupu

Mzee Haidari alisimama mlangoni kwa jirani yake, Bi Raya, sahani mkononi, amejikaza kisabuni.

"Bi Raya, nimekuja kukatisha vitumbua."

Kila asubuhi alikuwa akiletewa sahani ya vitumbua vya moto, naye hulipa mwezi ukiisha. Sasa daktari amemkataza sukari.

"Vitumbua vimekukosea nini?"

"Havina kosa. Mwenye kosa ni mimi na mwili wangu usiotaka sukari."

Lakini Bi Raya alikwishafunua kawa lililofunika sahani na kuona ndimu. Sahani ya jirani hairudishwi tupu, na Mzee Haidari alilelewa akaleleka.

"Ndimu nzuri hizi! Ahsante, mwenzangu."

Asubuhi sahani ikarudi na achari ya ndimu zile zile, na vitumbua pembeni.

"Hivi sikutia sukari," Bi Raya alisema, akaenda zake.

"Mwanamke huyu hasikii!" Mzee Haidari alifoka peke yake. Akaonja kimoja. Hakikuwa na ladha hata chembe. Akala cha pili, cha tatu, mpaka sahani ikawa nyeupe.

Jioni alitoka uani kutafuta cha kuirudishia. Mndimu ulibaki majani matupu. Kilichokuwepo ni asumini tu, imechanua ukuta mzima, na alijua mtaa utasema nini mwanamume akimpelekea jirani asumini.

Kisha akachuma, akajaza sahani, akaifunika kawa vizuri, akavuka njia kwenda kukatisha vitumbua.