Hodi Saa ya Kulala

Saa ya kulala, chekechea ilikuwa kama iko chini ya maji. Watoto ishirini walipumua kwa pamoja juu ya mikeka, na upepo wa pwani ya Kinondo uliyainua mapazia ya leso, ukayashusha polepole.

Muuguzi wa zahanati alipenda kuwapima wakiwa usingizini, kwani hapo hawakuuogopa utepe wake wa rangi wa kupimia lishe. Aliuzungusha kwenye mkono wa mtoto wa mwisho. Kijani: mtoto alikuwa na lishe nzuri. Lakini chini ya utepe palikuwa na makovu matatu ya mviringo, yote sawa kwa ukubwa.

"Hayo ni ya uji," alinong'ona Mwalimu Mbeyu. "Baba yake mdogo aliniambia kamwagikiwa."

Muuguzi hakuinua macho. "Kwangu alisema kaumwa na nyuki. Nikaandika nyuki."

"Nami nikaandika uji."

Kila mmoja alikuwa ameandika kwenye daftari lake, akalifunga. Mtoto alijigeuza, akanyonya kidole gumba, akatabasamu kwa jambo alilokuwa akiliota.

Muuguzi alikwenda dirishani, akampigia simu afisa wa watoto, akamweleza kwa sauti ya chini. "Yuko njiani," alisema aliporudi. "Kasema mtoto asikabidhiwe mtu."

Papo hapo, langoni, sauti ya upole ya yule baba mdogo iliita: "Hodi, mwalimu! Nimemfuata mtoto wetu."

Mbeyu, ambaye tangu utotoni hakuwahi kuiacha hodi bila karibu, aliketi mkekani, akaushika ule mkono mdogo, akanyamaza.