Mwanangu Ana Meno

Mwanamume akimpa Shangazi mkono, haachiwi mpaka apapaswe vidole vyote, kimoja kimoja. Nyumbani walishamzoea.

"Shangazi anatafuta mchumba," walimtania. "Macho yamegoma, sasa anachagua kwa mikono."

Wao walicheka. Yeye hakucheka hata siku moja.

Mtoto wa kaka yake alikuwa mwimbaji wa hotelini: sauti anayo, jina hana. Ndiye aliyemwomba Shangazi wimbo wake, akaurekodi. Shangazi aliutunga zamani, wiki ile aliyomzika binti yake wa pekee. Binti alikutwa kisimani. Wakubwa wakasema aliteleza, mambo yakaishia hapo. Shangazi alijifungia na maiti, akamwosha peke yake, akatoka akiimba: *Mwanangu ana meno, meno meupe.* Ubeti wa mwisho ulisema: *Alichouma nimekiweka, mwenyewe aje akichukue.*

Ni kipande cha tunda, watu walisema. Mama aliyefiwa huhifadhi hata kitana chenye nywele.

"Uimbe, ufike mbali," Shangazi alimwambia. "Mimi miguu sina tena, wimbo unayo. Ila ubeti wa mwisho usiuguse."

Mwenye studio alikuwa mzee nadhifu, aliyesalimia kwa kichwa tu, mkono wa kulia mfukoni. Mwimbaji aliona ni maringo ya wenye nazo. Mzee aliusikiliza wimbo wote. Kisha akataka ngoma ziende mbio, na vigelegele viwemo, watu wacheze.

"Na ule ubeti wa mwisho ufute."

"Lakini Shangazi alisema…"

"Unaharibu raha. Ukiutaka, katafute studio nyingine." Akaigeukia mitambo yake. "Hicho alichokiweka, bado anacho?"

"Anacho, kwenye kikopo. Hajawahi kutuonyesha."

Mwimbaji alikubali, roho ikimsuta. Wimbo ukashika moto. Ukapigwa harusini, ukachezwa shuleni, hadi tangazo la dawa ya meno likauchukua. Watu waliukatia viuno wimbo wa msiba.

Shangazi aliusikia kwenye redio ya jirani. Mwimbaji alipokuja, alijua leo atafokewa.

"Nani aliukata?"

"Mwenye studio, Shangazi. Nisamehe."

"Hujakosea kitu, mwanangu. Mlete nimshukuru."

Mzee hakubembelezwa; kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni, akiangaza macho chumbani. Shangazi akanyoosha mkono. Ukabaki hewani.

Mwimbaji aliona haya kwa niaba ya wote wawili. "Mpe mkono, mzee, haoni," alisema, akamvuta kiwiko kwa utani. Mkono ulipochomoka tu mfukoni, Shangazi akaudaka kwa mikono yake miwili.

Akapapasa. Gumba. Kinachofuata. Akaenda hivyo mpaka pembeni, mahali pa kidole cha mwisho, akakomea hapo. Machozi yalimtoka, lakini sauti ilikuwa imetulia.

"Mwanangu, niletee kile kikopo cha uvunguni."

Mwimbaji alikikimbilia kwa furaha. Baada ya miaka yote hiyo, leo angekiona hicho kipande cha tunda. Kifuniko kilikuwa na kutu, kikamsumbua. Nyuma yake mzee alikuwa akivuta mkono wake, na Shangazi haachii.

Ndani, juu ya chumvi, kulikuwa na kidole cha mtu, kimekauka, pete ikiwa bado imo.