Mazoezi ya Macho

Siku hizi kitabu cha katuni nacho kinamtazama msomaji. Jicho la mtoto likikawia kwenye picha fulani, shule inapata habari kabla ukurasa haujafunuliwa. Ndiyo maana Mama Sekela hakumwacha bintiye asome peke yake. Kila jioni walikaa jikoni, wakafanya mazoezi.

"Hapa pita haraka," alimwambia. "Hawa mashujaa wawili wa kike, hawa wapenzi, usiwakodolee macho. Mtoto wa Mama Atu aliwakodolea, wiki ya pili leo hajarudishwa nyumbani."

"Lakini mama, hao ndio wanaouokoa mji!"

"Wauokoe tu. Wewe tazama nyumba zinazoungua."

"Na kama nawapenda?"

"Wapende ukiwa umefumba macho."

Sekela alicheka, akarudia na kurudia, mpaka macho yake yakawa yanateleza kwenye picha kama maji kwenye jani la magimbi. Mwisho wa muhula akaleta cheti cha macho matulivu. Mama Sekela akapiga kigelegele, akamshika kidevu.

"Hebu nitazame, mwanangu."

Macho ya Sekela yakamgusa usoni, yakapita, yakaenda dirishani.

"Nimeshakutazama, mama."