Radhi ya Kiranja

Mkaguzi wa mizani aliuimba wimbo wa shule kwa kufungua na kufunga mdomo tu, kama samaki aliyetolewa majini. Hakujua hata neno moja. Hilo halikumsumbua. Miaka minne ya bweni alisimama mstari wa nyuma, na mstari wa nyuma haukuwahi kuimba, ulikuwa ukitafuna.

Alikuwa amechelewa. Mhudumu wa hoteli alianza kumuuliza kama ni mmoja wa wale waliosoma bweni pamoja, naye akajibu ndiyo kabla swali halijaisha, akaonyeshwa mlango wa kushoto. Humo alikuta watu wazima kama thelathini, vitambi mbele, wakikumbatiana. Hakumtambua hata mmoja. Wao walimpiga mgongoni na kumwita "ndugu yetu", jina la heshima analopewa mtu ambaye jina lake limesahaulika. Naye akawarudishia lilelile.

Hakuja kutafuta urafiki. Alikuja kuombwa radhi.

Alipokuwa kidato cha pili, kiranja wa bweni, mrefu, mwembamba, mwenye masikio kama mishikio ya sufuria, alimsimamisha mbele ya shule nzima akamtangaza kuwa mwizi wa mkate. Mkate wenyewe hakuuona hata rangi. Tangu siku hiyo akaitwa Mkate, mpaka mtihani wa mwisho. Mkewe aliijua hadithi hiyo kiasi cha kuweza kuisimulia akiwa usingizini.

"Ukiombwa radhi, rudi mapema," alimwambia asubuhi ile akimnyoosha kola. "Usipoombwa, rudi mapema zaidi."

Wimbo ulipokwisha, kikaanza kipindi cha kupeana habari. Mkaguzi aliketi akakunja mikono. Kazi yake ilikuwa kuzunguka masokoni kutafuta nani kaficha sumaku chini ya mizani, na miaka ishirini ya kazi hiyo ilimfundisha kwamba binadamu akisema kilo, wewe andika robo tatu.

Wa kwanza kusimama alikuwa muuza vitambaa. Alisema ana maduka matatu na bado anaogelea kila alfajiri, kama walivyokuwa wakiogelea mtoni nyuma ya bweni. Mkaguzi akaguna. Nyuma ya bweni palikuwa na shimo la taka na mbuzi wa mwalimu mkuu. Mto gani huo?

Akafuata rubani, aliyeishukuru ile kengele ya shaba kwa kumfundisha kuamka. Shaba! Kengele yao ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini na kugongwa kwa bolti. Kisha wawili wakasimama pamoja, wakasema urafiki wao ulianza kitanda cha juu na cha chini, wakasimamiana harusi, na kila mmoja amempa mwanawe jina la mwenzake. Mkaguzi akawapa mwaka mmoja watakuwa mahakamani.

Kilichomshangaza ni jinsi ukumbi mzima ulivyotikisa vichwa kuukubali ule mto na ile shaba. Waongo wa kawaida hudanganya kila mmoja kivyake. Hawa walikuwa wamefanya mazoezi.

Zamu yake ilipofika, alisema ni mkaguzi, ana mke na mabinti watatu, na marafiki hana wa kuwatangaza. Kisha akazungusha macho.

"Yumo humu aliyeniita mwizi mbele za watu. Sikuiba, naye anajua."

Kwenye meza ya mbele mtu mmoja akaweka kikombe chini, akainuka, akaja taratibu. Alikuwa mfupi, mnene, na masikio yake yalikaa kwa adabu kichwani. Mkaguzi akawaza kwamba uzee hupunguza watu kimo, na mashavu yakinona humeza masikio.

"Ndugu yangu," alisema yule mtu, akifuta machozi. "Mimi ndiye nilikuwa kiranja. Ile sukari niliila mimi. Nilikusingizia kwa sababu ulikuwa mdogo na huna wa kukutetea. Kila mkutano nakuulizia. Safari iliyopita wakaniambia umeshafariki."

Sukari. Mkaguzi alimdharau hata machozini: mtu anaharibu utoto wa mwenzake, halafu hakumbuki hata ilikuwa kwa kitu gani. Lakini yule mtu alikuwa ameshapiga magoti, suti yote, juu ya sakafu ya watu, na kitu kilichokaa kifuani mwa mkaguzi miaka yote hiyo kikalegea kama fundo la kamba iliyolowa.

"Simama, kaka," alisema. "Yamekwisha."

Wakakumbatiana. Mkaguzi alilia hadi akamlowesha bega, na waongo thelathini wakapiga makofi.

Aliondoka mapema kama alivyoagizwa. Pale mapokezi alimpita mhudumu akimwachia tabasamu, jambo ambalo hakuwa amemfanyia mhudumu yeyote tangu aajiriwe. Hata alikuwa ameanza kuchagua maneno ya kumwambia mkewe.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mlio ulitoka kwenye ukumbi wa kulia. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, kipande cha reli chenye kutu kilikuwa kimening'inizwa, na kando yake alisimama mtu mrefu, mwembamba, mwenye bolti mkononi. Jua la mchana lilimpiga kutoka dirishani likapenya masikio yake yote mawili, yakawa mekundu kama mishikio ya sufuria iliyosahauliwa motoni.

Alimwona mkaguzi mlangoni, akaacha kugonga, akaugeukia ukumbi.

"Jamani, ficheni sahani," alisema. "Mkate kafika."